Shauri la Mtoto ni la Nani? Mamlaka ya Baba na Mama Katika Mambo Makubwa

Suala hili huulizwa mara kwa mara katika darasa zetu, na kila mara huulizwa kwa uchungu. Mume na mke wameachana, mtoto yuko kwa mamake, na sasa limezuka jambo kubwa: mtoto yataka ahamishwe skuli, au apasuliwe hospitalini, au achukuliwe ng'ambo. Ni nani mwenye neno? Baba husema, "Mtoto ni wangu, kwani huitwa kwa jina langu." Mama husema, "Mtoto ni wangu, kwani nimemzaa, na mimi ndiye nikeshaye naye akiugua." Kila mmoja hushika ncha yake ya kamba akavuta, na aliyefungwa katikati ya kamba ile ni kiumbe ambaye yeye hakumwacha mtu wala hakuachwa na mtu.

Mitaani jawabu huwa ni mbili. Ya kwanza ni ya wazee wa barazani, nayo ni kwamba mtoto ni wa baba, na mama ni yaya wake tu. Ya pili ni ya baadhi ya vijana waliosoma, nayo ni kwamba serikali imekwisha kutoa sheria mpya, basi dini haina tena la kusema katika jambo hili. Jawabu hizi mbili hazipatani hata kidogo ila katika kitu kimoja, nacho ni kwamba wenye kuzitoa hawakufungua kitabu. Na tufungue.

Wanavyuoni wetu tangu zamani wamepambanua baina ya vitu viwili, na kutopambanua ndiko mwanzo wa ugomvi. Cha kwanza ni hadhana, yaani kumlea mtoto kwa mkono: kumlisha, kumwosha, kumlaza, kumchunga asidhurike. Cha pili ni wilaya, yaani kusimamia mambo yake: mali yake, masomo yake, kazi atakayofundishwa, na ndoa ya binti. Katika hadhana mama ndiye aliyetangulia, na dalili yake ni ile hadithi ya Abdullah bin Amri iliyopokewa na Abu Daud, ya mwanamke aliyeachwa na mumewe, kisha mume akataka kumnyang'anya mtoto; Mtume (S.A.W.) alimhukumia mama kuwa ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa na mwingine. Katika wilaya, baba ndiye aliyetangulia, na baada yake babu mzaa baba.

Hapo ndipo watu wetu walipolishika neno hili la wilaya wakalivuta mpaka likawa milki. Lakini walii si mwenye kumiliki. Katika madhehebu yetu ya Shafi walii wa mali ya mtoto hana ruhusa ya kutenda ila lenye maslahi kwa mtoto. Akiuza au akinunua kwa hasara iliyo wazi, tendo lake halisimami. Ikiwa hivyo ndivyo katika shilingi za mtoto, itakuwaje katika maisha yake? Na katika hadithi mashuhuri ya wachungaji, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, mwanamume ametajwa kuwa mchungaji wa watu wa nyumba yake, na mwanamke naye ametajwa kuwa mchungaji wa nyumba ya mumewe na watoto wake, na kila mmoja ataulizwa. Haiwi mtu aulizwe juu ya jambo ambalo hakuwa na neno ndani yake.

Sasa tuitazame aya ya 233 ya Suratul Baqara, ambayo kwa maoni yetu ndiyo msingi wa mas'ala yote haya, na ambayo watu huisoma wakaipita mbio kwa kuwa yazungumza juu ya maziwa. Mwenyezi Mungu ametaja ndani yake miaka miwili ya kunyonyesha, akawajibisha juu ya baba chakula na nguo za mama kwa kadiri ya uwezo wake, akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Kisha akasema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda ule, hapana dhambi juu yao ikiwa ni kwa kuridhiana wao wawili na kushauriana.

Ndugu msomaji, uzito wa maneno haya wafaa kupimwa kwa utulivu. Kumwachisha mtoto ziwa ni jambo la siku chache, na ziwa ni la mama, liko kifuani mwake. Lau kulikuwa na jambo ambalo mama angeweza kulikata peke yake, ni hili. Wala baba, pamoja na kuwa yeye ndiye mwenye kugharimia, hakupewa kulikata peke yake. Limefungwa kwa mafundo mawili: ridhaa na shauri. Ridhaa bila ya shauri huenda ikawa ni kunyamaza kwa hofu, na shauri bila ya ridhaa huwa ni kupiga mbiu tu. Ibn Kathir, aliyekufa mwaka 774 Hijriya, ameifasiri aya hii kwa kubainisha kwamba uamuzi wa mmoja wao peke yake hautoshi, na kwamba haijuzu kwa yeyote katika wawili hao kujitenga na jambo hilo bila ya kumshauri mwenziwe. Na ameitaja kauli hiyo kuwa ni ya Sufyan Thauri na wengineo. Sababu aliyoitaja ni kumhifadhi mtoto.

Basi ikiwa ziwa halikatwi ila kwa shauri la wawili, vipi kisu cha daktari kitapita katika mwili wa mtoto kwa neno la mmoja ilhali mwingine yuko na aweza kuulizwa? Vipi mtoto atatolewa skuli kwa neno la mmoja? Hatusemi kwamba Ibn Kathir alizungumza juu ya skuli na hospitali. Hii ni qiyasi, na twaiona kuwa ni qiyasi ya wazi, kwani lenye madhara makubwa zaidi lina haki zaidi ya kushauriwa. Mwenye kuona kasoro ndani yake na atuandikie.

Huenda mtu akasema: aya ile yazungumza juu ya mume na mke walio pamoja. La. Wengi katika wafasiri wameielekeza khasa kwa walioachana, kwa kuwa imekuja katikati ya aya za talaka, na kwa kuwa kumlisha mke aliye ndani ya ndoa kulikuwa kumekwisha kujulikana. Na katika Suratut Talaq, aya ya 6, ambayo haina shaka kuwa ni ya walioachana, wazazi wameamrishwa washauriane baina yao kwa wema katika jambo la mtoto. Talaka yakata ndoa, haikati uzazi.

Kuna kisa kimoja ambacho kingesomwa katika kila baraza la mtaani penye ugomvi wa watoto. Kimo ndani ya Muwatta ya Imam Malik. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa amemwacha mkewe mmoja katika Ansari, na alizaa naye mtoto aitwaye Asim. Siku moja Umar alikwenda Quba, akamwona mwanawe akicheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono akampandisha juu ya mnyama wake, mbele yake. Bibi ya mtoto, mzaa mama, akamfuatia akamzuilia, wakavutana mpaka wakafika mbele ya Sayyidna Abubakar aliyekuwa Khalifa. Umar akadai mtoto ni wake, na bibi akadai mtoto ni wake. Abubakar akamwamuru Umar amwachilie mtoto kwa bibi yake. Na msimulizi akamalizia kwa kusema kwamba Umar hakumrudishia neno.

Na tukae kidogo na kunyamaza huko kwa Umar. Huyu ni mtu ambaye mashujaa wa Makka walimwogopa, na ambaye baada ya miaka michache alizitawala Shamu na Misri. Ubaba wake haukubishaniwa na mtu, wala wilaya yake haikufutwa. Hukumu ilikuwa ni kwamba ubaba haumpi ruhusa ya kumtwaa mtoto uwanjani kwa mkono. Leo mtu ambaye hata ada ya skuli hakulipa kwa miaka mitatu huja na gari saa ya kutoka darasani akamchukua mtoto, kisha akajigamba barazani kwamba ametumia haki ya sharia. Sharia gani hiyo? Wala akina mama hawakusalimika. Yuko amfichaye mtoto kwa shangazi mji mwingine, akabadilisha nambari ya simu, asimjulishe baba kwamba mtoto amelazwa hospitali mpaka amekwisha kutoka. Huyo naye amemdhuru mzazi kwa sababu ya mtoto wake, na aya imemkataza kama ilivyomkataza yule.

Tukirudi katika vitabu vya madhehebu yetu, twaona kwamba mafakihi hawakuligawa jambo hili kwa shoka. Katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyekufa mwaka 676 Hijriya), mtoto akifikilia umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida ni miaka saba, hupewa khiyari baina ya wazazi wake wawili walioachana. Mtoto wa kiume akimchagua mama, basi usiku hukaa kwa mama, na mchana huwa kwa baba, ambaye humtia adabu na kumpeleka chuoni na kumfundisha kazi. Binti akimchagua mama hukaa kwake usiku na mchana, na baba humzuru kwa desturi iliyo njema. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza. Mzazi mmoja akitaka safari ya haja ya kwenda na kurudi, mtoto husalia kwa yule mkaazi mpaka msafiri arejee. Na ikiwa ni safari ya kuhama kabisa, baba hutangulizwa, lakini kwa sharti kwamba njia iwe na amani na mji uendewao uwe na amani.

Huu, ndugu zangu, ni mpango wa watu wawili wanaoshirikiana katika kazi moja kutoka nyumba mbili. Wala si mpango wa mshindi na mshinde. Na madhehebu nyingine zimepanga kwa njia nyingine: Wamaliki humwacha mtoto wa kiume kwa mama mpaka abaleghe, na binti mpaka aingie nyumbani kwa mumewe; Wahanafi husema miaka saba kwa mvulana na tisa kwa msichana katika kauli yao mashuhuri. Kuhitilafiana huku kwatosha kutuonyesha kwamba miaka hiyo ni ijtihadi ya kutafuta maslahi ya mtoto.

Hata katika mali, ambayo ndiyo ngome ya wanaosema mama hana neno, mlango haukufungwa wote. Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kwamba mama hana wilaya ya mali. Lakini Abu Said Istakhri, imamu mkubwa wa Kishafi aliyekufa mwaka 328 Hijriya, aliona kwamba mama huwa walii baada ya baba na babu, na kwamba humtangulia hata msimamizi aliyeusiwa. Miaka elfu na zaidi imepita tangu aseme hivyo, na wako watu wetu wadhanio kwamba fikra hii ililetwa na Wazungu.

Nchi za Kiislamu nazo zimelifanyia kazi jambo hili. Tunisia, kwa mabadiliko ya mwaka 1993, ilimpa mama aliye na hadhana mamlaka ya walii katika safari za mtoto, masomo yake na fedha zake. Misri, katika mabadiliko ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008, iliiweka wilaya ya masomo kwa yule aliye na hadhana, na wakikhitilafiana hulipeleka jambo kwa mkuu wa mahkama ya jamaa. Morocco, katika sheria yake ya mwaka 2004, ilibakisha wilaya kwa baba, na mama akaruhusiwa kutekeleza mambo ya dharura ya watoto baba anapozuilika. Kisha mwezi wa Desemba 2024 serikali yake ikatangaza mapendekezo ya kuifanya wilaya iwe ya wazazi wawili pamoja, ndani ya ndoa na baada yake. Si lazima tuyakubali yote hayo. Lakini asiseme mtu kwamba hakuna Mwislamu aliyelifikiri.

Na hapa Kenya? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na imelifanya jukumu hilo kuwa sawa juu ya baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Na imeamrisha kwamba katika kila jambo lihusulo mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulizwe. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikuwa imemtwika mama peke yake, hapo mwanzo, jukumu la mtoto aliyezaliwa na wasiooana. Sheria mpya ya Watoto, nambari 29 ya mwaka 2022, imekuja kulinganisha na Katiba: hapana mzazi aliye na haki ya juu kuliko mwenziwe. Jukumu hilo la uzazi limetajwa kuwa ni pamoja na chakula, makao, matibabu na elimu, kumwongoza mtoto katika dini na maadili, kumpa jina, kusimamia mali yake kwa manufaa yake, na kuruhusu au kuzuia asihamishwe nje ya nchi.

Sheria hii pia yapambanua baina ya ulezi wa mkononi, yaani kukaa na mtoto, na ulezi wa kisheria, ambao ndani yake mna kukata mambo makubwa. Mahkama yaweza kumpa mama wa kwanza na kuuacha wa pili kwa wote wawili. Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo ataona kwamba mpambanuo huu haukuwa mgeni kwetu; ni hadhana na wilaya kwa majina mengine, ila kwamba hapa wilaya imefanywa shirika. Na sisi twasema kwamba shirika hiyo, ikiwa yafuata njia ya ridhaa na shauri, iko karibu na aya ya 233 kuliko desturi zetu za sasa. Palipo na tofauti ya kweli, kama katika nasaba ya mtoto wa nje ya ndoa, ni mas'ala mengine yanayotaka somo lake peke yake, na hatutaki kuyapitia juu juu.

Watu huuliza, je, waende kwa Kadhi au Mahkama ya Watoto? Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali wote kuhukumiwa naye. Neno la watoto halikutajwa kwa jina, na Sheria ya Watoto imeyaweka mambo ya ulezi katika Mahkama ya Watoto. Kwa hivyo mwenye kutaka amri itakayoshika juu ya ulezi na masurufu na aende huko, na hapati dhambi kwa kwenda. Lakini suluhu iliyoandikwa mbele ya Kadhi, au mbele ya wazee waaminifu wa pande mbili, yaweza kumwepusha mtu na mahkama yoyote, na sheria yenyewe yawaruhusu wazazi kuandikiana mapatano juu ya jukumu la mtoto.

Ushauri wetu basi ni kwamba siku ya talaka, kabla maneno hayajaharibika, iandikwe karatasi moja. Yatajwe mambo ambayo hayatafanywa ila kwa kushauriana: skuli na chuo, upasuaji na matibabu makubwa, kuhama mji, pasipoti na safari ya ng'ambo, mali ya mtoto. Yatajwe mambo ambayo aliye na mtoto atayakata mwenyewe, kama homa ya kawaida na nguo za Idi, kwani kumpigia mtu simu juu ya kila kidonge nako ni udhia. Itajwe muda wa kungojea jawabu, tuseme siku saba, na mtu wa kuamua wakihitilafiana. Na iandikwe wazi kwamba penye hatari ya maisha hakuna kungojea: aliyepo hutia sahihi, kisha humjulisha mwenziwe saa ile ile. Katiba, kifungu cha 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na sharia yetu haimngojei mtu aliye safarini ilhali roho yatoka.

Safari ya ng'ambo yataka tahadhari zaidi, khasa kwetu sisi wa pwani wenye jamaa Umani, Imarati na Saudia. Baba hupata kazi huko akamchukua mtoto "kwa likizo", na likizo ikawa miaka minane. Au mama humpeleka kwa dada yake, mtoto akakulia huko akamsahau babake. Mwenye kuogopa hayo aweza kuomba amri ya mahkama ya kuzuia mtoto asitolewe nchini kabla hajaondoka. Akishatolewa, jambo huwa zito mno, kwa kuwa mahkama za nchi nyingine hazifungwi na hukumu zetu.

Wala mtu asidhani kwamba wazazi wakishakubaliana wote wawili basi kila kitu huwa halali. Kushauriana kumewekwa kwa ajili ya kumhifadhi mtoto. Wakikubaliana kumdhuru, makubaliano hayo hayana thamani. Wazazi wawili hawana ruhusa ya kukubaliana kumkeketa binti yao, jambo lililokatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, wala kumtoa skuli, wala kumwoza kabla ya miaka 18. Na akifika umri wa kuolewa, baba ndiye walii wake katika nikahi, lakini hekima ni kumshirikisha mama. Abu Daud amepokea kwa Ibn Umar hadithi ya kuamrisha kuwashauri wanawake juu ya binti zao. Katika sanadi yake mna mtu asiyetajwa jina, kwa hivyo haifikii daraja ya sahihi, ila maana yake yakubaliana na akili ya kila aliyewahi kuoza.

Limebaki jambo moja ambalo watu hulisahau, nalo ni kifo. Baba akifa bila ya wasia, mara nyingi ndugu zake huingia nyumbani wakashika hati za shamba na daftari la benki, na mama aliyelea akaambiwa angojee kupewa. Sheria ya nchi yamruhusu mzazi kumteua mlinzi wa watoto wake kwa wasia. Na fiqhi ya Shafi nayo yamruhusu baba, ikiwa babu mzaa baba hayuko, kumuusia mtu asimamie watoto wake, na si sharti mtu huyo awe mwanamume. Bali Minhaj yasema kwa uwazi kwamba mama wa watoto, akitimiza masharti, ni bora kuliko mwingine. Kwa hivyo baba anayeamini kwamba mama hana wilaya, na anayeogopa watoto wake wasije wakaliwa, aweza kumpa wilaya hiyo kwa kalamu yake mwenyewe angali hai, hata kama wameachana. Ni karatasi moja, yenye tarehe, sahihi yake, na mashahidi wawili waadilifu ambao si katika warithi; nakala moja iwe kwa mama, na nyingine kwa mtu anayeaminiwa na pande zote mbili.